Kugonga si Kuongea

Baba mkwe wangu tulimzika Nyahanga wiki iliyopita, na jina lake sitaliandika hapa. Si kwamba nimelisahau, wala hatukugombana. Nimelitamka mara moja tu maishani, kwa sauti ya juu kuliko zote nilizowahi kutoa, zikiwemo za kuzaa, na naona mara hiyo moja ilitutosha sote wawili. Tuliporudi kutoka makaburini watu walinawa, wakala, wakaanza kuulizana habari za mvua na za mpunga kama watu wa msibani wafanyavyo machozi yakishakauka, na mimi nikajikuta nimesimama nyuma ya nyumba aliyoijenga uzeeni, mbele ya lile gari. Halina magurudumu tena. Limekalia matofali, rangi yake ya maziwa imebanduka, kuku wanataga chini ya chesisi. Shemeji zangu walikuwa wameshaita watu wa vyuma chakavu, na watu hao, kwa adabu yao yote, walisubiri mzee afukiwe ndipo wakateremsha nyundo na mtungi wa gesi. "Mama Kabula," mume wangu Shija aliniambia, macho mekundu, "wanataka kuanza na mlango. Kama kuna kitu chako humo ndani, kitoe." Nikamwomba anipe muda kidogo. Kitu changu! Humo ndani umo mwaka mzima wa ujana wangu, mwaka nilioolewa, na sijui mtu anautoaje mwaka kupitia mlango mwembamba vile.

Mtaani waliliita gari-nyumba. Lilikuwa lori la dizeli ambalo huko lilikotoka lilijengewa chumba mgongoni: kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi, sinki, madirisha madogo ya vioo. Wazungu wawili, mtu na mkewe, walishuka nalo kutoka kaskazini wakizunguka Afrika, likawafia Isaka, wakalitazama siku chache kisha wakapanda treni na kuliacha. Lilisimama pale karibu na bandari kavu, kati ya makontena ya kwenda magharibi, mpaka baba mkwe alipoliona. Yeye alikuwa dereva wa malori ya masafa tangu ujana, kazi iliyompa mabega mapana na kumnyang'anya masikio. Ukimsemesha alitazama midomo yako. Akaliona, na akili yake ikakimbia. Geita mawe ya dhahabu yalikuwa yanafumuka, leo huku, kesho kule, na wachimbaji walikuwa wanayabeba mbali kwenda kuyasaga. Yeye angewafuata huko huko. Angevuta tela lenye karasha, ile mashine ya kuponda mawe, pamoja na jenereta yake, familia ikilala ndani ya gari, na mashimo yakikauka wanahama. Aliuza nyumba yake ya Nyahanga akanunua nyumba yenye magurudumu. Mpango ulikuwa mzuri, sikatai hata leo. Ila injini ile ilitengenezwa kuvuta chumba cha watu wawili wanaotalii, si watu wazima wanne, magunia ya mahindi na tela la chuma tupu. Siku ya kwanza walipofunga tela, gari lilikwenda mpaka kwenye geti la gereji ya Fundi Salum, likatetemeka, likazima. Maisha yangu ya ndoa yalianzia hapo, ndani ya ua ule wa gereji, tukisubiri injini ipate nguvu.

Mimi na Shija tulipewa kitanda cha nyuma, chenye dirisha linalotazama ndoano ya tela. Mama mkwe, niliyemwita mayu, alilala kwenye benchi la mbele, ubavuni mwa jiko. Palikuwa na kitanda kingine kizuri tu, juu ya kichwa cha gari, lakini mayu alikikataa katakata: mkamwana hawezi kulala juu ya kichwa cha baba mkwe wake. Kwa hiyo kikalaliwa na mahindi. Baba mkwe mwenyewe alilala kwenye viti vya dereva, na katika ukuta uliotutenganisha naye palikuwa na kidirisha cha kupitishia vitu, mayu akakitundikia pazia la kitenge. Ukoo wao ulikuwa bado unashika heshima ya wakwe kwa mikono miwili. Mkamwana hamtaji baba mkwe jina, hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, hamsemeshi wala hasemeshwi naye mpaka siku mzee atakapomfungulia kwa zawadi, na siku hiyo huja mzee anapopenda. Koo nyingine za Kisukuma zilikuwa zimeshalegeza, wao hapana. Nadhani heshima ile iliwekwa kwa ajili ya miji mipana, yenye nyumba hii na nyumba ile na zizi katikati, mtu akawa na pa kupitia. Sisi tuliiingiza kwenye chumba ambacho nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili.

Kisha palikuwa na komeo. Kitasa cha ndani kilivunjika zamani, na gari likitikisika mlango ulifunguka wenyewe, basi Fundi Salum akaufungia komeo la chuma kwa nje, kwa skrubu nene. Lilikusudiwa kwa ajili ya safari, lakini safari haikuwepo, likapata kazi nyingine. Mayu akienda sokoni au kanisani alilisukuma. "Gereji imejaa wanaume, mwanangu," alisema, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote, jambo lililonikera zaidi. Nilisikia chuma kikiingia kwenye tundu lake, kisha kandambili zake zikienda. Bati la juu lilichemka. Madirisha yalifunguka kiasi cha kupitisha kiganja. Nikibanwa na haja nilikaa nimebana mapaja, nahesabu mashairi ya shule kichwani mpaka arudi. Nilipika kilichokuwepo, ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, siku nyingine michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa kwa karanga, nikapitisha sahani ya mzee chini ya pazia bila kuona mkono unaoipokea, halafu nikala changu nimegeukia ukuta. Nilimchukia mayu kwa sababu ya komeo, nikamchukia Shija kwa kutoliona komeo, na injini nikaichukia kuliko wote. Leo nina nyumba ya vyumba vinne Kalangalala, Geita mjini, na mpaka leo silali mlango wa chumbani ukiwa umefungwa. Watoto wangu wanadhani ni joto.

Shija hakulala nami siku nyingi. Alikuwa Geita, anazungumza na wenye maduara, yaani wenye mashimo, akiwaahidi kwamba karasha iko njiani. Alirudi na vumbi na maneno matamu. Ni mtu mwema mume wangu, na ana kipaji cha kuona furaha mahali ambapo wewe unaona ukuta. "Mke wangu," aliniambia nikimmiminia maji ya kunawa, "tela likipanda kilima cha Geita tu, kesho yake una chumba chako Kalangalala. Nimeshakiona. Mlango wako, ufunguo wako, wazee watabaki na gari lao." Nikamuuliza mlango wenyewe ni wa mbao au wa bati. Akacheka, akasema wa mbao. Basi nikaushika mlango ule wa mbao moyoni, nikaupaka rangi, nikaufungua na kuufunga nikiwa nimelala. Kila jioni niliomba Mungu kwa ajili ya pampu ya dizeli.

Kazi ya kwanza waliifanya kwa pupa. Injini ilikaa chini ya kibanda cha dereva, ng'ambo ya ukuta wa jiko langu, kwa hiyo kila neno la mafundi lilinifikia na mwiko mkononi. "Mzee," nilimsikia Fundi Salum akipaza sauti ili asikike, "dizeli bila hewa ni moshi tu. Ukiifungua pampu sana unapika pistoni." Baba mkwe akajibu, "Fungua." "Pana lakiri ya kiwandani hapa." "Ikate." Wakaikata, wakazungusha skrubu ya mafuta, na gari likapata nguvu kweli, siku ile lilitambaa uani na tela nyuma, watu wakapiga makofi. Lakini moshi ulitoka mweusi kama masizi, ukaingia dirishani kwangu, ukatua kwenye nguo nilizoanika, na chini ya ule mngurumo mimi nikasikia kitu kingine. Siku hizo nilikuwa naisikia injini kuliko nilivyomsikia mume wangu, maana mume hakuwepo na injini ilikuwepo. Ilikuwa inagonga. Sauti kavu, kama mtu anamwaga maharage kwenye sufuria tupu, na kila walipoongeza mafuta maharage yaliongezeka. Mafundi walikuwa katikati ya kelele, hawakuisikia. Baba mkwe alikuwa hasikii hata honi yake.

Nikamwambia mayu. "Mayu, tafadhali mwambie baba injini inagonga tangu asubuhi, mafuta yamezidi." Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Unataka nikamwambie mume wangu kwamba mkamwana wake anaijua injini kuliko yeye?" Nikasema sivyo, nataka ajue tu kuwa inagonga. Alichambua kidogo, akaweka ungo chini, akapanda kwenye kidirisha, akaita kwa sauti yake ya kumwitia kiziwi. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, nikasikia kwa masikio yangu haya alichokisema: "Baba Shija! Mkamwana anasema injini inaunguruma vizuri sana, anakupongeza!" Huko ng'ambo mzee akacheka kwa furaha. Nikamsikia akimwambia Salum aongeze robo nyingine. Mayu alirudi kwenye ungo wake ameridhika kabisa, maana kwa hesabu zake alikuwa amenifichia aibu, na mimi nilikaa kitandani nimekunja mikono, nasubiri. Walitoka kulijaribu barabara ya Isaka, mimi ndani na komeo nje. Hatukufika mbali. Joto lilipanda kwenye ukuta wa jiko mpaka mafuta ya kupikia yakayeyuka kwenye kopo, ikasikika sauti kama ya kitambaa kinachochanwa, mvuke mweupe ukafunika madirisha yote, gari likasimama. Gasketi ilikuwa imeungua na silinda hedi imepinda. Tulivutwa kurudi Nyahanga na trekta la kulimia, watoto wakitukimbilia, na nilipoona tena lile geti la gereji nililia mbele ya mayu bila kujificha.

Mvua zikaja. Ua wa gereji ukawa tope jekundu, kazi ikalala kwa kukosa vipuri, na sisi tukakaa. Sijui niuelezeje ule ukaaji. Godoro lilipata ukungu. Nilizijua skrubu zote za dari. Mayu alifuma vikapu, nami nikafuma, magoti yetu yakigusana, tukisikiliza mvua juu ya bati na kikohozi cha mzee nyuma ya pazia, na kila mmoja akijifanya wengine hawapo. Ni Shija aliyefumua mambo. Alirudi kutoka Geita, nikamweleza habari ya pongezi, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kumsimulia baba yake kama kichekesho. Baba mkwe hakucheka. Jioni ile, tukiwa tumeshakula, alisogea karibu na kidirisha, akaongea na mkewe kwa sauti kubwa mno kwa maneno ya mke na mume.

"Mama Shija. Masikio yangu yamebaki kwenye malori. Kama humu ndani kuna mtu anayeisikia injini, mimi namhitaji."

"Heshima je?" mayu akauliza kwa ile sauti yake ya kumwitia kiziwi.

"Heshima imekataza kuongea. Nikiwa kazini, mtu huyo agonge ukuta, nitausikia kwa kiganja. Akigonga mara mbili nitajua nirudishe. Akigonga mara moja nitajua hapo hapo, nisiguse tena."

Mayu alifikiri. Nilimtazama akifikiri, mdomo umekunjwa, akilipindua lile neno kutafuta tundu. "Kugonga," akasema mwisho, polepole, "si kuongea."

"Si kuongea," mzee akakubali.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miezi iliyofuata, mimi na mtu ambaye sikuwa najua macho yake yana rangi gani. Mvua zilipokatika alipata tabo, ile feni ya kusukumia hewa ndani ya injini, kutoka kwenye basi lililopinduka, na rejeta pana ya greda. Hedi ikanyooshwa Shinyanga mjini. Safari hii hakuwa na pupa. Alikaza breki za tela mpaka magurudumu yake yakakataa kuzunguka, akaingiza gia ya kwanza, akamweka Fundi Salum kwenye usukani, na gari likavuta kwa nguvu zake zote bila kwenda popote, huku yeye amelala chini na bisibisi kwenye pampu, kiganja cha pili kwenye bati la ukuta wangu. Sufuria zangu zilicheza. Mimi nilisimama na mwiko, sikio moja ukutani, jicho moja dirishani kwenye bomba la eksozi. Aliongeza mafuta, moshi ukawa mweusi, nikagonga mara mbili. Alirudisha. Akasogeza taimingi ya pampu, yaani dizeli iingie mapema kiasi gani, na yale maharage yakaanza tena, silinda ya mwisho kwanza. Nikagonga mara mbili, nikangoja, mara mbili tena. Kuna siku tulifanya hivyo asubuhi nzima kwa ajili ya upana wa unywele. Halafu sauti ikawa nzito na nyororo, moshi ukawa ukungu tu usioficha majani ya mwarobaini nyuma yake, na mwiko wangu ukapiga mara moja. Injini ikazimwa. Salum akauliza, "Nani huyo anayegonga, Mzee?" Baba mkwe akajibu, "Injini."

Niliipenda kazi ile. Nilikuwa nimefungiwa, na nikiwa nimefungiwa humo nilipata kitu cha kukipenda, na sijawahi kuyapatanisha mambo hayo mawili hata leo nikiwa na mvi. Kila nilipogonga vizuri mlango wangu wa Kalangalala ulisogea karibu. Na kila mayu alipotoka, komeo lilisukumwa kama kawaida. Mzee alianza kuacha vitu kwenye kizingiti cha kidirisha, chini ya pazia. Karanga za kukaanga kwenye karatasi. Pera. Siku moja kioo kidogo cha pembeni cha pikipiki, kimesafishwa, na sikuelewa mpaka nilipojaribu: nikikitoa dirishani nilimudu kuuona ua mzima mpaka barabarani. Nilikaa nacho siku nzima nikitazama watu wanavyopita na baiskeli. Shija hakuwahi kunipa kitu kilichonifaa kama kile, na nilishamwambia.

Tuliondoka kiangazi. Mayu alitangulia Geita kwa basi, kwa sababu gari-nyumba lilimtapisha. Baba mkwe alikuwa peke yake kwenye usukani. Shija alikaa juu ya tela, kwenye magunia, na kabari zake za mbao za kuzuia magurudumu, kama utingo wa zamani. Mimi nilikuwa chumbani, na kabla hatujaondoka Shija alisukuma komeo, akagonga bati kwa furaha, "Kalangalala, mke wangu!" Siku nzima injini ilivuta. Nilikuwa nimelala chali kitandani nikiisikiliza, na nikajivuna, kwani kila mlio niliokuwa nausikia tuliupanga sisi wawili. Tabo lilipiga mluzi. Ukuta wa jiko ulikuwa vuguvugu tu. Barabara ilikuwa ya vumbi, mashimo matupu, tela likaruka na kujigonga nyuma yangu, na tulipoanza kupanda kilima nikageuka kutazama nje ya dirisha la nyuma, nimwone Shija.

Pini ya tela ilikuwa inapanda. Hiyo ni pini nene kama mkono wa mtoto, inayoshika mkono wa tela kwenye ndoano ya gari, na chini yake huwa na kibanio cha kuizuia isichomoke. Kibanio kilikuwa kimekatika. Kila tela liliporuka, pini ilipanda kidogo, ikatulia, ikapanda tena. Shija alikuwa amelala juu ya magunia, kofia usoni. Nilipiga kioo kwa ngumi mpaka akaondoa kofia. Akaniona. Akanipungia mkono, akatabasamu, akarudisha kofia. Nikakimbilia mlangoni, nikausukuma kwa bega, nikakumbuka. Nikaenda mbele, nikachukua mwiko, nikagonga mara mbili, mara mbili, mara mbili, kisha nikachukua sufuria lenyewe nikapiga nalo ukuta. Injini tuliyoitengeneza vizuri vile ilikuwa inaimba kwa sauti iliyomeza kila kitu, na viganja vyake vilikuwa kwenye usukani. Nikalirarua pazia. Kisogo chake kilikuwa pale, mvi fupi, shingo yenye mikunjo, mara ya kwanza kukiona kwa karibu. "Baba!" Hakusikia. "Baba!" Hapo ndipo nikaliita jina lake, jina kamili na la baba yake, kwa sauti iliyonichana koo, nikapitisha mkono kwenye kidirisha, nikamkamata ukosi wa shati na kuuvuta.

Aligeuka, akatazama midomo yangu. Nikasema, "Pini!" Hakukanyaga breki; angekanyaga ghafla tela lingejigonga mbele na pini ingeruka. Aliendelea kuvuta, taratibu, mkono wa tela umekazwa ili uibane pini isisogee, akapiga honi mbili fupi, ishara ya kabari. Kwenye kioo cha pikipiki nilimwona Shija akiruka chini, akipiga kabari nyuma ya gurudumu hili, akikimbilia lile. Gari likasimama. Injini ikazimwa. Sikia kimya kile! Pini ilikuwa imebaki na urefu wa kucha. Nyuma ya tela, chini kabisa ya kilima, walikuwa wanapanda akina mama wenye ndoo za maji vichwani.

Walipokwisha kuipigilia pini na kuifunga kwa waya, nilisikia hatua zikizunguka kuja upande wa mlango. Hazikuwa za Shija. Zikasimama. Nilisimama ndani, yeye nje, na katikati yetu mlango. Nilimsikia akipumua, kisha nikasikia mkono wake ukiligusa komeo bila kulifungua, ukiligusa tu, kama mtu anayepapasa kitu gizani ili akijue ni nini. Alikaa hivyo. Naamini kichwani mwake aliliona tela likirudi nyuma na kulivuta gari, na mimi nimefungiwa humo. Kisha akalivuta, mlango ukaachia, na nilipochungulia alikuwa ameshanipa mgongo, anaenda mbele kuwasha gari.

Geita, Shija alimsimulia mama yake kila kitu kwa mbwembwe, mpumbavu wangu, na mayu alisikia jambo moja tu. "Alimtaja jina?" Akakaa chini. "Akamshika?" Akasema lazima wazee wa ukoo wakae, lazima kondoo atafutwe, haijawahi kutokea. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya gari nimeinamisha kichwa, nikijua chumba cha Kalangalala kimeota mabawa, kwa kuwa mkamwana mwenye kesi hapewi mlango, hurudishwa kwao. Baba mkwe alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akimtazama midomo. Halafu akachukua bisibisi. Alifungua skrubu za lile komeo moja moja, zikiwa na kutu, akilaani kwa Kisukuma, akalitoa kwenye uso wa mlango, akaingia ndani, akalifunga upande wa pili. Alilijaribu, lilipita vizuri. Akatoka, akasimama mbele yangu. Macho yake yalikuwa ya kahawia hafifu, na makavu kwa vumbi.

"Kuanzia leo," aliniambia, "utafunga mwenyewe."

"Ndiyo, baba," nikasema.

Mayu hakusema nasi siku kadhaa, lakini wazee hawakuitwa, maana zawadi ilikuwa imeshatolewa na mwenye kuitoa, na hakuna aliyeweza kusema si zawadi. Mzee aliziba yale matundu ya skrubu kwa sabuni, mvua isiingie. Chumba cha Kalangalala tulikipata. Mlango ulikuwa wa bati. Nilikuwa nimeungoja mwaka mzima, na leo nikiulizwa ulikuwa na rangi gani, siwezi kujibu.

Mayu alitangulia miaka mingi iliyopita, na sasa mzee. Wiki iliyopita nilipanda kidaraja cha mlangoni, nikaingia, nikauvuta mlango nyuma yangu na kulisukuma komeo. Lilikwenda kwa shida, likakwama, likaingia. Nilikaa kwenye benchi la mayu. Kidirisha hakina pazia, na ng'ambo yake kiti cha dereva kimechanika, sponji imetoka, pana shimo mahali alipokuwa anaegemea. Ukutani ubavuni mwa jiko bati limejaa vibonyeo vidogo vidogo vya mwiko, na viwili vikubwa vya sufuria. Nilivipitishia vidole. Nililia, na sikulia kwa adabu. Nje nilimsikia mwenye nyundo akiuliza waanze juu au chini. Shija akaja, akasukuma mlango, akakuta umefungwa. "Mama Kabula? Tuwaambieje hawa watu?" Mwiko haukuwepo. Nikakunja ngumi, nikagonga ukuta mara moja, nikangoja. Nikamsikia mume wangu akiwaambia wale watu wafungashe vyombo vyao, hapo hapaguswi.